Kopo la Tisa

Tulipoinua turubai, vumbi la miaka thelathini
lilitutia chafya sote, hata mbwa.
Gazi sitini na tisa, la mwaka hamsini na nane:
halikuwa gari tena, lilikuwa hesabu.
Chasi juu ya magogo. Boneti ukutani kama ngozi ya dubu.
Milango ndani ya hori la kondoo,
injini imefunikwa blanketi la mama lililopotea zamani,
na makopo kumi na moja ya samaki na maziwa ya unga
yamejaa bolti, nati, washa, vichuma visivyojieleza,
kila kopo na kipande cha pakiti ya sigara
chenye mwandiko wa baba, umeinamia kushoto
kama mtu apandaye Latpari upepo ukimpinga.

Majira yale ya baridi petroli iliisha nchini,
umeme ukaisha, kisha maneno yakaisha.
Akalifungua ili mikono isikae bure.
Kulifunga, alisema, tutalifunga theluji ikiyeyuka.
Theluji imeyeyuka mara thelathini na moja.

Gocha amekuja kutoka Kutaisi na simu yake na bei zake:
injini ya Kijapani, breki za diski, viti vya ngozi.
"Libaki umbo," asema, "utumbo tubadilishe."
Kaka yangu hupenda vitu vinavyowaka mara ya kwanza.
Badri wa makumbusho ya Zugdidi naye amepiga:
kila skrubu iwe ya kiwandani, kijani kiwe kilekile cha jeshi,
kisha lisimame chini ya taa, lisiguswe na tope.
Mmoja anataka gari lisilokumbuka,
mwingine kumbukumbu isiyotembea.

Mimi nilichukua nyundo.
Nikaipitia chasi shubiri kwa shubiri, nikigonga, nikisikiliza.
Palipo pazima paliitika kama kengele ya ng'ombe.
Palipooza palikohoa.
Karibu na springi ya nyuma, kulia, nyundo ilizama
kama kidole kwenye jibini.
Kutu ya juu ni haya tu, ukiisugua inaondoka;
kutu ya ndani ni deni.
Nikazungushia chaki: hapa tukate, hapa tuchomelee.
Kwenye fenda ya kushoto nikaandika TUACHE, kwa herufi kubwa.
Mbonyeo ule ni ng'ombe wa Jansugi, Agosti, nina miaka saba,
baba akicheka na kulaani kwa pumzi moja.

Halafu tukasoma makopo.
La kwanza: *Breki za mbele. Washa ya shaba isisahauliwe.*
La nne: *Kabureta. Ina hasira. Iguseni baada ya chai.*
La tisa: *Sijui. Labda gia.*
Gocha akamimina mezani vyuma vyembamba, bado vinang'aa.
Tukavigeuza hadi chai ikapoa.
Kitabu cha fundi hakikuvijua. Badri, kwa picha, hakuvijua.

Mama akaingia na mkate wa nyama, akatazama, akaketi.
"Hiyo ni cherehani yangu," akasema.
"Miaka yote hii namlaumu dada yake."
Akacheka hadi akashika mbavu,
kisha akashika pembe ya kitambaa chake cha kichwa
akaibonyeza machoni, muda mrefu.

Shauri amelikata yeye:
"Anzeni na breki. Kwenda, hata jiwe huenda kwenye mteremko huu."
Injini yake yenyewe, tukiweza; tusipoweza, ile ya Gocha,
bila viti vya ngozi.
Rangi iliyobaki tutaipaka mafuta ya kitani, ichoke kwa heshima.
Bati jipya libaki jipya, hatutalisingizia uzee.
Na kabla ya Oktoba lifike malisho ya juu,
mama akiwa mbele, dirisha wazi, akilalamika.

Hayo ni ya kesho. Leo usiku gari halijaguswa.
Chini ya balbu Gocha ameshika bisibisi ndogo kuliko zote,
mimi nimeshika taa ya simu,
tunafunga cherehani.